Hijabu, Kilemba na Rasta: Mwongozo Kamili wa Kudai na Kutunga Kanuni za Sare Zenye Haki katika Shule za Umma za Kenya

Mgogoro wa vazi la kidini karibu kila mara huzuka mahali pabaya kuliko pote: getini, asubuhi, mtoto akiwa amebeba sanduku lake, mzazi akiwa na haraka ya kurudi kazini, na mwalimu wa zamu akiwa hana mamlaka wala nafasi ya kufikiri. Uamuzi unaotolewa hapo huwa wa hasira, na ukishatolewa kila upande huona aibu kurudi nyuma. Mwongozo huu unahusu shule za umma nchini Kenya. Unawalenga wazazi na walezi ambao watoto wao huvaa hijabu, kofia, kilemba cha Akorino (Wakristo wa Kenya wanaofunga kilemba cheupe) au cha Kisingasinga, au hufuga rasta kwa sababu ya imani, na vilevile wajumbe wa bodi za usimamizi na walimu wakuu wanaotaka kanuni ya sare isiyomwonea mtu. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, kwanza nikiwa mzazi, kisha nikiwa mwakilishi wa wazazi katika bodi ya shule moja ya sekondari, na nimeona kwamba mashauri haya hufaulu au huanguka kwa karatasi, muda mrefu kabla ya jaji yeyote kuyasikia.

Kwanza, fahamu sheria inasimama wapi

Katiba ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 8 kwamba nchi haina dini rasmi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na katika orodha ya misingi iliyokatazwa kinataja dini, dhamiri, imani, utamaduni na hata mavazi. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu na kudhihirisha imani, kisha kinaongeza kwamba mtu hatanyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani au dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa misingi ya dini. Uhuru huo hata hivyo una mipaka: Kifungu cha 24 kinaruhusu haki kuwekewa kikomo pale ambapo kikomo hicho ni cha busara, kina sababu ya kueleweka, na hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Katika bodi, maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa kuliko yote.

Mahakama hazijasema kwa sauti moja. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilikataa ombi la mwanafunzi wa Kenya High School aliyetaka kuvaa hijabu, ikiona kwamba sare moja hujenga umoja. Kisha ikaja kesi ya St. Paul's Kiwanjani, shule ya kutwa ya mchanganyiko huko Isiolo, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodist. Kanisa lilipinga wasichana Waislamu kuruhusiwa kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare, na Mahakama Kuu ikakubaliana nalo mwaka 2015. Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo. Ilieleza kwamba kanuni inayoonekana sawa kwa wote inaweza kuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja iwapo uzito wake unaliangukia kundi moja, na ikaiagiza bodi ya shule ianze mashauriano ya kurekebisha kanuni zake ili kuwe na nafasi ya ruhusa maalumu. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliiondoa hukumu hiyo ya rufaa.

Hapa pana kosa linalorudiwa katika mikutano ya wazazi mpaka sasa, kwamba Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu shuleni. Haikufanya hivyo. Mzazi aliyetetea hijabu alikuwa ameingia katika kesi iliyofunguliwa na kanisa, akiwa mhusika mwenye maslahi tu, kisha akapenyeza madai yake ndani ya kesi hiyo ya mwenzake. Majaji walio wengi walisema utaratibu hauruhusu, wakaacha kiini cha jambo bila kukiamua, na wakaacha mlango wazi kwa anayetaka kuanza upya katika Mahakama Kuu. Jaji Jackton Ojwang alitofautiana nao. Kwa hiyo anayekuambia kwamba sheria imefunga mlango anakosea, na anayekuambia kwamba hukumu ya 2016 ingali inaibana shule anakosea vilevile. Hoja za 2016 bado zina nguvu ya kushawishi, lakini zilale katika barua yako kama hoja, usizitumie kama amri.

Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Septemba, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba, na kwamba Olympic High School ya Kibera ilikosea kumfukuza msichana wa kidato cha kwanza kwa ajili ya rasta zake. Inafaa pia kuijua hukumu ya Mahakama ya Kikatiba ya Afrika Kusini ya mwaka 2007, kuhusu msichana wa Durban aliyevaa kipini cha pua kwa mila na dini yake ya Kihindu, kwa sababu mawakili na majaji wa hapa huitaja mara kwa mara. Mahakama hiyo ilisema shule haina budi kumpatia mwanafunzi nafasi ndani ya kanuni maadamu jambo hilo haliitaabishi kupita kiasi, na kwamba hata desturi ambayo dini haiilazimishi inaweza kulindwa iwapo mwenyewe anaishika kwa moyo wa kweli.

Pili, pata kanuni yenyewe kwa maandishi

Usianze kubishana na kanuni ambayo hujaisoma. Barua ya kujiunga na shule ya sekondari huja na orodha ya sare, kanuni za shule na ukurasa wa kutia sahihi, na wazazi wengi husaini ukurasa huo wakiwa wamesimama dukani wakitafuta godoro. Shule zimewahi kuitumia sahihi hiyo mahakamani kudai kwamba mzazi alijua na akakubali. Ukiona jambo linalogongana na imani ya mtoto, tia sahihi huku ukiandika pembeni kwa mkono wako kwamba umewasilisha ombi la ruhusa kuhusu kipengele fulani, kisha uambatishe nakala ya ombi hilo.

Kama shule inasema "hiyo ndiyo kanuni yetu" lakini haikupi karatasi, iombe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inaipa taasisi ya umma siku 21 za kujibu. Mara nyingi hugundulika kwamba hakuna kanuni iliyoandikwa, bali kuna mazoea ya naibu mwalimu mkuu mmoja aliyekwisha kuhamishwa.

Tatu, omba nyongeza, usiombe badala

Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ningetoa huu. Mzazi anayeandika kwamba sare ya shule haifai kwa Mwislamu amejitafutia vita na watu wote walioichagua sare hiyo. Mzazi anayeandika kwamba mtoto wake atavaa sare yote ya shule, kuanzia sketi hadi tai, na juu yake anaomba kuongeza mtandio, amebakisha jambo moja dogo la kujadiliwa. Hata Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 ilizungumzia vazi la ziada pamoja na sare, na haikusema sare iondolewe.

Nyongeza hiyo ielezwe jinsi fundi wa cherehani angeielewa: rangi, kitambaa, urefu na namna ya kufunga. Hijabu iwe ya rangi ya sweta au nyeupe, bila nakshi, ya kitambaa cha pamba kisichoteleza, ikifunika nywele na shingo na kuishia kifuani ili beji ya shule ionekane. Ishonwe ya kuvaliwa kichwani mara moja, isihitaji pini. Suruali iwe ya rangi iliyokubaliwa na ivaliwe chini ya sketi ya shule. Kilemba cha Akorino kiwe cheupe na kifungwe kwa kubana. Bangili ya chuma ya Msingasinga inaweza kubanwa kwa kitambaa cha mkononi wakati wa michezo badala ya kuvuliwa. Rasta zifungwe nyuma na kufunikwa kwa kitambaa cha rangi ya shule. Ukiweza, peleka vazi lenyewe. Katika kikao kimoja cha bodi yetu, wajumbe walibishana kwa saa nzima juu ya "hijabu", mpaka mama mmoja alipotoa mtandio mdogo wa buluu kwenye mfuko wake na kuutandaza juu ya meza. Ndipo ikajulikana kwamba wajumbe watatu walikuwa wakipinga buibui.

Nne, msikilize mtoto kabla ya kumsemea

Katika ile kesi ya Durban, majaji walieleza kwamba ingefaa zaidi kama wangemsikia msichana mwenyewe badala ya mama yake peke yake. Keti na mtoto bila ya jamaa wengine kuwapo, umuulize kama anataka kulivaa vazi hilo shuleni, wakati gani, na yuko tayari kulieleza kwa nani. Wako wanaotaka sana, na wako wanaovaa kwa hofu ya mjomba. Kama anataka, aandike aya mbili kwa mkono wake, bila ya wewe kumsahihisha sarufi. Barua ya aina hiyo hugusa bodi kuliko fatwa yoyote au barua ya mchungaji, na pia huonyesha unyofu wa imani, ambao ndio kipimo kinachofaa. Bodi haina elimu ya kuamua kama Uislamu unaulazimisha mtandio au kama Biblia inawaamuru Waakorino kufunga kilemba, na haifai kujaribu.

Tano, andika ombi kabla ya muhula kuanza

Barua iende kwa mwalimu mkuu akiwa katibu wa bodi, nakala kwa mwenyekiti, na nakala nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi la mdomo hupotea upesi zaidi. Barua isizidi ukurasa mmoja. Huu ni mfano ambao msomaji anaweza kuubadilisha kulingana na hali yake:

"KUH: OMBI LA RUHUSA YA VAZI LA KIDINI PAMOJA NA SARE. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi aliyepewa nafasi katika shule yako. Binti yangu atavaa sare yote iliyoelekezwa na shule. Kwa sababu ya imani yake, naomba aruhusiwe kuongeza mtandio wa rangi ya sweta ya shule, unaoishia kifuani na usiofunika beji wala uso. Yuko tayari kuuchomeka ndani ya koti la maabara, na kutambuliwa na mwalimu wa kike wakati wa mitihani. Ombi hili limetegemea Kifungu cha 27 na cha 32 cha Katiba. Iwapo bodi haitaridhia, naomba sababu kwa maandishi chini ya Kifungu cha 47, na naomba binti yangu aendelee na masomo hadi jambo hili liamuliwe."

Sentensi ya mwisho isisahaulike. Wengi huomba vazi na kusahau kuomba kiti darasani.

Sita, jiandae kwa pingamizi zitakazotolewa kikaoni

Usalama ndio huwa wa kwanza, nao una ukweli ndani yake, kwa maana kitambaa kinachoning'inia karibu na moto wa gesi maabarani ni hatari. Lakini hatari hiyo huondolewa kwa kukichomeka kitambaa ndani ya koti, kama nywele ndefu zinavyofungwa nyuma, na kwa kuwa njia nyepesi ipo, marufuku kamili hayana mguu wa kusimamia. Udanganyifu katika mtihani hujibiwa kwa ukaguzi wa faragha unaofanywa na mwanamke kwa msichana, kabla ya karatasi kugawiwa. Hoja ya kwamba "tukimruhusu huyu, kesho watakuja wengine" hujibiwa kwa kusema kwamba waje, kila mmoja na barua yake, kila mmoja apimwe kwa kipimo kile kile.

Hoja ya umoja inahitaji heshima zaidi. Walimu wanaoitetea si wabaya. Wameona shule zikigawanyika kwa kabila, kwa utajiri na kwa dini, na sare ni mojawapo ya vitu vichache vinavyomfanya mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mwenye kibarua wafanane. Jibu langu ni kwamba mtandio wa rangi ya shule unasema waziwazi kwamba mvaaji ni wa shule hiyo, ilhali kumvua mtoto mtandio getini kunamfundisha kwamba uanachama wake una masharti.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la mfadhili. Shule nyingi za umma zilianzishwa na makanisa, zingine na jumuiya za Waislamu, nazo hubeba majina ya watakatifu au ya misikiti hadi leo. Mfadhili ana wawakilishi 3 katika bodi, na wazazi wana 6. Sheria ya Elimu ya Msingi inampa kazi ya kukuza maisha ya kiroho shuleni, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za watu wengine. Soma kifungu hicho cha 27 cha Sheria hiyo kwa sauti kikaoni, kwa upole na bila kuonyesha kidole. Walimu wanalipwa na TSC, yaani Tume ya Huduma kwa Walimu, na fedha za masomo hutoka kwa umma. Mfadhili anayeheshimiwa historia yake mara nyingi hulegea. Anayeambiwa kwamba shule si yake hukaza.

Saba, kwa bodi: andikeni kifungu cha ruhusa

Bodi isisubiri ombi la kwanza. Kifungu kinachofuata kinatosha kwa shule nyingi, na nakitoa bila kudai hakimiliki: "Mwanafunzi ambaye imani yake inamtaka kuvaa vazi, kuongeza kitu juu ya sare, au kuziacha nywele zake kwa namna fulani, anaweza kuomba ruhusa kwa maandishi. Bodi au kamati yake itamsikiliza mwanafunzi na mzazi, na kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Ruhusa itakataliwa tu pale ambapo kuna madhara yanayoweza kuelezwa ambayo hayawezi kuzuiwa kwa njia nyepesi zaidi. Mwanafunzi hatatolewa darasani wakati ombi lake linasubiri."

Kifungu hicho kipimwe kwa watu ambao hamkuwafikiria mlipokuwa mkikiandika. Je, kinamfaa mvulana wa Akorino kama kinavyomfaa msichana Mwislamu? Je, rozari au msalaba mdogo unaruhusiwa shingoni wakati hirizi inachukuliwa? Katika shule ambazo Waislamu ndio wengi, je, msichana Mkristo analazimishwa kujitanda? Haki isiyomfikia yeye haijakamilika, kwa sababu Katiba inamlinda dhidi ya kulazimishwa sawasawa na inavyomlinda mwenzake dhidi ya kukatazwa. Kanuni isitaje dini yoyote kwa jina, na ruhusa zote ziingizwe katika daftari moja, ili naibu mpya asianze kufukuza watoto ambao naibu wa zamani aliwaruhusu. Mlinzi wa geti apewe maelezo kwa mdomo pia: kazi yake ni kumwelekeza mtoto ofisini, si kumvua kitu.

Nane, ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, kisha panda ngazi moja baada ya nyingine. Mwandikie mkurugenzi wa elimu wa kaunti na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi hiyo ana Baraza la Rufaa za Elimu lililoundwa na Sheria ya 2013. Malalamiko yanaweza pia kupelekwa kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Usiziruke ngazi hizi kwa hasira, maana Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya mwaka 2015 inamtaka mtu amalize kwanza njia zilizopo kabla ya kwenda mahakamani, isipokuwa mahakama yenyewe imsamehe sharti hilo.

Mtoto akiwa amefukuzwa na masomo yanampita, hali ni tofauti. Sheria ya Elimu ya Msingi hairuhusu mwanafunzi kufukuzwa bila yeye na mzazi wake kusikilizwa na bila njia nyingine za kurekebisha kumalizika. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea, hakuna ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kupokea hata maandishi yasiyo rasmi ikibidi. Ombi la kwanza liwe amri ya muda ya kumrudisha darasani. Msichana wa Kibera alirudi shuleni kwa amri kama hiyo miezi kadhaa kabla ya hukumu. Na yaliyotokea katika kesi ya Isiolo yasirudiwe: fungua kesi yako mwenyewe, usijibanze ndani ya kesi ya mwingine.

Tisa, baada ya ruhusa

Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Mwalimu wa darasa aambiwe kabla, ili asimwite mtoto mbele na kumtaka aeleze dini yake. Kama alikosa masomo, apewe maandishi na muda wa mitihani ya majaribio aliyoikosa. Mwishoni mwa muhula, mwalimu mshauri amwite faraghani na kumuuliza kama kuna anayemvuta mtandio au kumwita majina, na majibu hayo yafike kwenye bodi.

Na kama shule imekuwa ikinyang'anya, irudishe. Katika shule niliyohudumu kulikuwa na katoni ya sabuni chini ya meza ya naibu, nayo ilikuwa imejaa mitandio, kofia za baraghashia, bangili na vilemba viwili vyeupe vilivyokunjwa vizuri na mtu ambaye hatukumjua. Tulipopitisha kifungu cha ruhusa, tulitoa pia azimio la kuirudisha. Karani alikaa na daftari siku mbili, kila mwenye kitu akasaini. Vilemba havikudaiwa, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamekwisha kumaliza kidato cha nne, na tukakubaliana vipelekwe kwa mzee wa kanisa lao, ambaye alisema angewatafuta.